Kutoona si Kutokuwepo: Kisa cha Udongo wa Mirihi

(Haya ni mazungumzo waliyopewa vijana na wazazi baada ya swala ya taraweh. Tumeyaandika kama yalivyozungumzwa, tukayafupisha kidogo ili yaenee katika kurasa zetu. – Mhariri)



Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu vijana. Nashukuru kwa nafasi hii. Najua mmefunga mchana kutwa na mmesimama usiku huu, kwa hiyo sitawaweka sana.

Kazi yangu ni kusomesha kemia, na nimeombwa nizungumze juu ya jambo la sayansi. Nimechagua udongo. Si udongo wa shamba, ni udongo wa sayari ya Mirihi, ile ambayo Wazungu huiita Mars.

Kwa nini huo? Kwa sababu kila baada ya miezi michache simu zenu hizi huleta habari: "Wamepata uhai Mirihi!" Mmoja ataisambaza kwa furaha. Mwengine atamjibu kwa hasira kwamba huo ni uongo mtupu. Wa tatu ataingiwa na wasiwasi, asijue amuulize nani. Na ukiwakalisha wote watatu ukawauliza, jamani, ni kitu gani hasa kilichopatikana? Hakuna ajuaye. Basi usiku huu tujue. Na ndani ya kisa hiki mna somo moja ambalo ningependa kila kijana aende nalo nyumbani: kusema "hatukukiona" ni jambo moja, na kusema "hakipo" ni jambo jengine kabisa.

Sisi somo hili tunalo tayari. Usiku wa kutazama mwezi, mawingu yakitanda, kuna mtu anayerudi kutoka ufuoni akasema mwezi umeondoka mbinguni? Hakuna. Husema, hatukuuona, tukamilishe thelathini. Wingu halimfuti mwezi. Shikeni hilo, twende nalo Mirihi.

KABONI SI UHAI

Kwanza tujue kinachotafutwa. Kila kilicho hai tunachokijua, mwembe, papa, mbu, mimi na wewe, kimejengwa kwa molekuli za kaboni. Waliofika kidato cha tatu wanajua kwamba kaboni ina mikono minne. Hushikana na kaboni nyengine, na haidrojeni, na oksijeni, ikafanya minyororo mirefu na pete. Molekuli hizi huitwa ogania. Sukari ni ogania, mafuta ya kupikia ni ogania, hata mafuta taa ni ogania.

Lakini sikizeni vizuri, hapa ndipo wengi huteleza. Ogania si uhai. Nyumba hujengwa kwa matofali, sawa, lakini ukikuta matofali porini huwezi kuapa kwamba kuna mtu akaaye pale. Mwaka 1969 kilianguka kimondo huko Murchison, Australia. Wanakemia walipokichunguza, wakakuta ndani yake amino asidi, yaani yale matofali ya protini, na hadi sasa zimehesabiwa zaidi ya aina 70. Hazikutengenezwa na kiumbe hai. Zilijitengeneza kwa kemia tu, huko angani.

Sasa Mirihi imepigwa na vimondo kwa mabilioni ya miaka. Kwa hiyo hata kama hakujawahi kuishi mdudu pale, wanasayansi walitarajia kukuta kaboni kidogo iliyoletwa na vimondo. Hiyo ndiyo iliyofanya majibu ya kwanza yawashangaze.

MWAKA 1976

Tarehe 20 Julai 1976 chombo cha Marekani kiitwacho Viking 1 kilitua Mirihi. Mwenzake, Viking 2, akafuata tarehe 3 Septemba mwaka huo huo. Kila kimoja kilikuwa na mkono wa kuchota udongo, na ndani yake maabara ndogo. Kabla ya safari vilisafishwa na kupikwa kwenye tanuri ili visibebe vijidudu vya huku kwetu.

Majaribio ya kutafuta uhai yalikuwa matatu. Moja lilisimamiwa na Gilbert Levin. Alichofanya ni kuumwagia udongo matone ya maji yenye chakula ambacho kaboni yake imetiwa alama ya mnururisho. Ikiwa kuna kijidudu kitakula, kitatoa gesi, na gesi ile itaonekana kwa alama yake. Kweli gesi ikatoka! Wakachukua udongo mwengine, wakauchoma kwanza kwa nyuzi 160 ili kama kuna kilicho hai kife. Wakatia chakula. Gesi haikutoka. Hebu fikirieni furaha ya siku ile.

Lakini kulikuwa na chombo cha pili, kilichosimamiwa na Klaus Biemann wa chuo cha MIT. Kazi yake haikuwa kutafuta uhai, bali kutafuta ogania. Nitawaeleza kwa kitu tunachokijua: chetezo.

Ukitia udi juu ya makaa, joto huinua moshi wake, na mtu aliye chumba cha pili hunusa akajua huu ni udi, huu ni ubani. Hakuviona, amevijua kwa mvuke wake. Chombo cha Biemann kilifanya hivyo hivyo. Udongo uliwekwa kwenye kitanuri kidogo ukapashwa hadi nyuzi 500. Mvuke ukapita ndani ya bomba refu jembamba, ambamo molekuli hutengana, nyepesi zikatangulia na nzito zikachelewa. Mwisho wa bomba kulikuwa na mizani ya kupima kila molekuli.

Jibu likaja: maji, kaboni dioksaidi, na vijisehemu vya gesi mbili zenye klorini, klorometheni na dikloromethani. Ogania za Mirihi hakuna. Na zile gesi mbili? Wakasema ni mabaki ya dawa za kusafishia chombo. Si ajabu. Sufuria iliyopika samaki jana, leo ukichemshia chai itanukia samaki.

Basi wengi wakahitimisha hivi: hakuna ogania, kwa hiyo hakuna uhai, na gesi ya Levin ni kemia ya udongo tu. Levin hakukubali hadi alipofariki mwaka 2021. Lakini hukumu ilikuwa imepita. Baada ya Viking, chombo chengine hakikutua Mirihi kikafanya kazi hadi Julai 1997, miaka 21. Sisemi sababu ni hiyo peke yake, fedha pia zina mambo yake. Lakini ni nani angekimbilia kurudi mahali palipokwisha kuitwa pakavu?

WINGU LENYEWE

Tarehe 25 Mei 2008 chombo kiitwacho Phoenix kilitua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi. Kilibeba vikombe vinne, na maji kutoka duniani. Kila kikombe kilitiwa mililita 25 za maji, kama vijiko vitano vya chai, kisha kijisehemu cha udongo, ukakorogwa. Kuta za kikombe zilikuwa na vihisio vya kutambua chumvi mbali mbali. Ni kazi ambayo mwanafunzi yeyote wa kemia angeielewa.

Kihisio kimoja kiliwekwa kwa ajili ya kupima naitreti. Kikatoa alama kubwa kupita kiasi. Wakapiga hesabu: lau hii ingekuwa naitreti, uzito wake ungezidi uzito wa udongo wote waliotia. Haiwezekani! Basi ni kitu gani ambacho kihisio hiki hukisikia kwa nguvu zaidi kuliko naitreti? Jibu likawa ni pakloreti.

Pakloreti ni chumvi ambayo klorini moja imebebeshwa oksijeni nne. Ikiwa baridi imetulia, haina neno. Ukiipasha moto huachia oksijeni yake yote. Kwa sababu hiyo hutiwa katika fataki, na katika mafuta magumu ya roketi. Na udongo ule ulikuwa na pakloreti kati ya asilimia 0.4 na 0.6 ya uzito wake, yaani gramu nne hadi sita katika kila kilo.

Sasa rudini kwenye chetezo. Mtu ametia baruti ndani ya udi, wewe hujui. Unaweka juu ya makaa ili unuse. Utanusa udi? Utanusa moto!

Kama udongo wa mwaka 1976 nao ulikuwa na chumvi hii, basi kitanuri cha Viking kilipofika nyuzi mia kadhaa, pakloreti iliachia oksijeni, ikaichoma kaboni, ikageuka kaboni dioksaidi. Kaboni kidogo iliyobaki ikashikana na klorini. Chombo kilichotumwa kutafuta kitu kikawa ndicho kinachokiteketeza.

Mwaka 2010 mwanakemia wa Mexico, Rafael Navarro-González, na wenzake walilijaribu jambo hili. Walichukua udongo wa jangwa la Atacama nchini Chile, moja ya sehemu kavu kabisa duniani, wakijua una ogania kidogo. Wakautia pakloreti, wakaupasha moto. Kilichotoka ni nini? Ni zile zile gesi mbili, klorometheni na dikloromethani.

Je, Biemann alikubali? Hapana. Mwaka 2011 yeye na mwenzake Jeffrey Bada waliandika kupinga, wakasema jaribio la jangwani halithibitishi kilichotokea Mirihi. Na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Hoja ilijibiwa kwa hoja, na waamuzi wakawa ni vipimo vipya.

KIKOMBE KITUPU

Vipimo hivyo vililetwa na kigari Curiosity, kilichotua ndani ya bonde la Gale mwezi Agosti 2012. Ndani yake mna maabara iitwayo SAM, uzito wake kilo 40, yenye vitanuri vya nguvu kuliko vya Viking.

Mwezi Novemba mwaka ule mwanasayansi mkuu wa kigari, John Grotzinger, alimwambia mwandishi wa redio kwamba data zao zitaingia katika historia. Basi! Uvumi ukaruka dunia nzima: wamepata uhai. Tarehe 3 Disemba walipokutana na waandishi, jibu likawa la unyenyekevu: tumeona gesi za kaboni zenye klorini, lakini hatujajua kama kaboni hiyo ni ya Mirihi au tumeibeba wenyewe. Na kweli, ndani ya SAM kulikuwa na kemikali yao wenyewe iliyokuwa ikivuja mvuke.

Walifanya nini? Mbinu yao ni rahisi sana, nataka muikumbuke. Walipasha moto kikombe kitupu, bila udongo, wakaandika kinachotoka. Kisha wakapasha chenye udongo, wakalinganisha. Kinachotoka kwenye kikombe kitupu ni uchafu wetu. Kinachozidi hapo ndicho cha Mirihi.

Mwezi Mei 2013 walitoboa jiwe walilolipa jina Cumberland, la matope yaliyoganda katika ziwa la kale. Hapo wakapata klorobenzini kati ya sehemu 150 na 300 katika bilioni, zaidi sana ya kikombe kitupu. Walipotangaza ilikuwa Disemba 2014, na makala kamili ikatoka 2015. Ni kiasi gani hicho? Chukua tani nzima ya jiwe, kaboni hiyo haifikii uzito wa dawa iliyomo katika tembe moja ya Panadol. Ni kidogo, lakini ipo.

Mwaka 2018 Jennifer Eigenbrode na wenzake wakatoa matokeo ya mawe mengine ya bonde lile lile, yenye umri wa kama miaka bilioni tatu. Walitazama mvuke uliotoka kati ya nyuzi 500 na 820, joto ambalo pakloreti imekwisha kumaliza oksijeni yake. Wakakuta molekuli za aina kadhaa, nyengine zenye salfa. Mwaka huo huo Melissa Guzman na wenzake wakazirudia kumbukumbu za zamani za Viking. Wakakuta alama ya klorobenzini ndani yake. Ilikuwa imelala mle miaka 42.

Na mwezi Machi 2025 Caroline Freissinet wa Ufaransa na wenzake wakatangaza matokeo mapya ya jiwe la Cumberland. Walikuwa wakitafuta amino asidi, hawakuziona. Badala yake wakapata dekeni, undekeni na dodekeni, minyororo ya kaboni kumi, kumi na moja na kumi na mbili. Ni jamaa za zile zilizomo katika mafuta taa. Ndizo molekuli ndefu kabisa za ogania zilizowahi kuonekana Mirihi. Huenda ni mabaki ya asidi za mafuta, aina ambayo hujenga ngozi ya seli. Huenda. Kwa sababu asidi za mafuta pia zaweza kujitengeneza bila kiumbe hai.

Kuna kigari cha pili, Perseverance, kilichotua bonde la Jezero tarehe 18 Februari 2021. Mwaka 2024 kilikuta jiwe lenye madoa kama ya chui, na Septemba 2025 makala ikatoka kuyaeleza madoa hayo: yana madini ya chuma ambayo hapa duniani mara nyengine hutokana na kazi ya bakteria, na jiwe lina kaboni ya ogania. Waandishi wenyewe waliiita dalili inayowezekana. Hawakusema uhai. Kipande cha jiwe hilo kimefungwa ndani ya bomba, na bado kiko huko huko Mirihi.

TWENDE NA NINI NYUMBANI?

Ndugu zangu, toka 1976 hadi leo hakuna aliyetuonyesha kiumbe hai Mirihi. Hilo ni kweli. Na toka 1976 hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba hakijawahi kuwepo. Hilo nalo ni kweli. Kilichothibitika ni kwamba kaboni ya ogania ipo, na kwamba mara ya kwanza tulipoitafuta, huenda tuliichoma kwa mikono yetu.

Sisi tumefundishwa kwamba habari ikitufikia tuihakikishe kwanza. Basi siku ujumbe wa "wamepata uhai" utakapoingia katika simu yako, uliza maswali matatu kabla ya kubonyeza. La kwanza: wamepima nini hasa, uhai wenyewe au kaboni tu? La pili: kikombe kitupu kilisema nini? Yaani wamehakikisha vipi kwamba si uchafu wao wenyewe? La tatu: kuna njia nyengine ya kupata kitu hicho bila kiumbe hai? Ukikosa jibu la moja kati ya hayo, usisambaze. Na usitukane pia.

Kwa yule kijana mwenye wasiwasi nasema hivi. Imani yetu haikujengwa juu ya kijiko cha udongo wa Mirihi. Kikiwa na kitu, kisiwe na kitu, sisi tutaamka daku na tutafunga. Basi hatuna haja ya kuiogopa habari, wala kuikimbilia.

Na mawili haya, "hatukukiona" na "hakipo", hayaishii Mirihi. Mtoto anaumwa, amepimwa mara moja, hakikuonekana kitu. Je, hana ugonjwa, au kipimo hakikuufikia? Mwanafunzi amefanya mtihani mmoja akaanguka. Je, hana akili, au mtihani ule haukupima akili aliyo nayo? Wazazi, hapa nawaomba sana. Kabla hujamwambia mwanao kwamba hana kitu kichwani, tazama kwanza chombo ulichompimia.

Watu wa Ulaya wanatayarisha kigari chengine, Rosalind Franklin, kilichopangwa kuondoka mwaka 2028. Kitachimba hadi mita mbili chini ya ardhi, ambako mnururisho wa anga haufiki kwa nguvu. Na mbali na kitanuri, kitatumia pia mwanga wa leza wa kupiga jiwe kwa kitambo kidogo mno, ili molekuli ziruke kabla ya pakloreti kuziunguza. Mnaona? Wamelijua wingu, wanatafuta pa kusimama ili walipite. Baadhi yenu mliokaa hapa mtakuwa vyuoni majibu hayo yakija. Natamani mmoja wenu asiwe wa kusambaza habari tu, awe miongoni mwa wanaopasha kile kikombe kitupu.

Mkiulizwa kesho, Mirihi kuna uhai? Msione haya kujibu: hatujauona, na kazi ya kutazama haijesha.